Chakula cha Jana

"Wewe umesoma," Mwalimu aliniambia. "Nikila ugali leo saa saba mchana, halafu kesho asubuhi nikautapika kama ulivyoingia, usiku kucha huo ugali ulikuwa wapi?"

Tulikuwa tumekaa barazani kwake, Nakwa, hapa Babati, wiki ileile aliyorudi kutoka Moshi alikokwenda kumtembelea mwanawe. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwezi mmoja uliopita, na sikuwa na mazoea ya kukaa mbele ya swali nikafunga mdomo. Nikamwambia huenda ni vidonda vya tumbo. Nikamwambia huenda anakula harakaharaka. Kisha nikakumbuka kwamba ana sukari kwa miaka mingi, nikashika hapo hapo: tatizo ni aina ya chakula, sembe haifai, angebadilisha unga angeona tofauti. Mwalimu alinisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Mtaa ulimwita Mwalimu, mchungaji alimwita Mwalimu, hata madereva wa bajaji ambao hakuwahi kuwafundisha walimwita hivyo. Mwanawe wa kumzaa alipopiga simu alianza na "Shikamoo Mwalimu," kwa sababu alifundishwa naye darasa la tano na, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kupewa ruhusa rasmi ya kurudi kwenye "Mama."

Alitufundisha sayansi. Fimbo yake ilikuwa ya wachelewaji. Kwa jibu baya hakumpiga mtu. Ukijibu sawasawa alisema, "Kaa." Ukikosea alisema, "Endelea," na wewe uliyesimama ukaendelea kueleza kosa lako mbele ya wenzako hamsini mpaka likakushinda mwenyewe. Mimi niliwahi kueleza kwamba maji ya Ziwa Babati hayakauki kwa sababu viboko huyanywa mchana na kuyakojoa usiku. "Endelea," alisema. Niliendelea mpaka nikafika mahali ambapo kila kiboko alitakiwa awe na ukubwa wa Mlima Kwaraa. Darasa lilikuwa limelala chini kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Kwa hiyo maji hayakauki kwa nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kaa."

Kuanzia siku hiyo akaniita Kwa Nini, kwa kuwa hilo ndilo neno nililolitumia kuliko mengine yote. Miaka kumi na mitano baadaye nilipobisha hodi mlangoni kwake aliniitikia kutoka ndani, "Ingia, Kwa Nini. Vua viatu."

Ukali wake wa kweli ulikuwa kwenye chakula. Alipokuwa wa zamu mchana, tukigawiwa makande, alipita katikati yetu mikono ikiwa nyuma, akitazama sahani moja moja. Hakuna aliyeinuka na punje. "Sahani tupu ndiyo asante," alisema. "Kuna mtu amelima hii, kuna mtu ameibeba, kuna mtu amelia na moshi." Mtoto wa wafugaji kutoka upande wa Hanang, ambaye kwao maziwa ndiyo yalikuwa chakula na maharage yalimchefua, alikaa na sahani yake mpaka kengele ya mwisho. Mwalimu alikaa naye, akisahihisha madaftari. Jioni waliondoka pamoja, sahani ikiwa tupu. Nani aliyemalizia hatukujua. Yule mtoto alikataa kusema.

Ninaandika hili ili ieleweke ilivyokuwa kumwona mwanamke huyo huyo akishindwa kijiko cha nne.

Sukari alikuwa nayo tangu nikiwa sekondari, na aliitunza kama alivyotunza darasa. Hakuwa na friji. Dawa yake ya sindano aliiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati akajaza mchanga aliokuwa akiulowesha asubuhi na jioni, juu akafunika kitambaa chenye maji. Alijidunga saa moja kamili asubuhi na saa moja kamili jioni, akitazama saa ya mkononi iliyokatika mkanda, ambayo aliifunga na uzi. Alipima damu yake mwenyewe. Majibu aliyaandika kwenye daftari lililojaladiwa kwa karatasi ya kaki, kama tulivyojaladia sisi shuleni, na hakuruhusu mtu alifungue. Niliwahi kulinyooshea mkono. "Hilo halisahihishwi na wewe," alisema.

Ganzi ya miguu ilimjia kwanza. Alivaa soksi hata mwezi wa kumi na mbili, na kila jioni alikagua nyayo zake kwa kioo cha kujitazamia. Kisha likaja tumbo. Alishiba kwa vijiko vitatu. Tumbo lilijaa na kukaza kama ngoma, alicheua harufu ya chakula kilichokwisha sahaulika, na asubuhi nyingine kilirudi chote. Sukari ikawa haina adabu: mara iko chini mikono inatetemeka, mara iko juu bila sababu, siku hiyo hiyo.

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo. Mama Neema, jirani wa ukuta mmoja, anayeuza mboga pale kona, alikuwa na uhakika kuliko wote.

"Tumbo linalorudisha chakula cha jana si tumbo la hospitali," alisema.

"Ni la wapi?" nikamuuliza.

"Wewe si unajua kila kitu? Kuna jicho la mtu hapo."

"Jicho linaingiaje tumboni, Mama Neema? Linapitia mdomoni au kitovuni?"

"Haya, cheka. Chuo walikufundisha kubishana tu. Hata mume utambishia mpaka akimbie."

Alimletea Mwalimu chupa ya mizizi kutoka kwa mzee mmoja wa stendi. Nilimuuliza mzee huyo kipimo, viungo, na amewatibu wangapi, mpaka akakusanya chupa zake akahamia upande wa pili wa barabara. Wanamaombi nao walikuja, nikawauliza kwa nini Mungu anayeponya anasubiri kelele. Mwalimu aliwapa chai, akanitazama kwa macho ya kunionya, nikanyamaza kwa dakika mbili. Nilijivunia sana kazi hiyo. Nilijiona nimesimama mlangoni kwake kama mlinzi, sipitishi neno lisilo na ushahidi.

La kwangu sikuliuliza cheti.

Kila Jumamosi nilipanda bajaji na mfuko wa unga wa dona, mahindi ya shambani kwetu Singe, yaliyosagwa na maganda yake yote. Nilileta na maharage, na mchicha, na kabichi ya kukatwa ikaliwa mbichi. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba mwenye sukari anafaa kula vyakula vyenye makapi, na ni kweli, imeandikwa hivyo na inafundishwa hivyo. Na kwetu mgeni akija na kitu cha kupika, hakiwekwi stoo. Kinapikwa akiwepo, na mwenye nyumba anakula naye. Kumwacha mgeni ale peke yake ni kumwambia asirudi. Kwa hiyo tulipika, tukakaa mkekani, Mwalimu akala dona langu na maharage yangu taratibu, tonge kwa tonge, akinywa maji katikati, mpaka sahani ikawa tupu. Ilimchukua saa nzima. Paji la uso lilimtoka jasho.

"Unaona?" nilimwambia. "Ukitaka unaweza."

"Endelea kuniambia kuhusu hayo makapi," alisema.

Nikamwambia tena.

Mwezi wa tatu tangu nianze kuleta dona, alianza kukosa kanisani. Yeye, ambaye benchi la tatu upande wa kulia katika usharika wao lilikuwa kama lake, akawa Jumapili haonekani. Mama Neema alilalamika kwamba mchungaji ameuliza. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Jumamosi, baada ya kula, tulikuwa tukizungumza mambo ya dini, na nilikuwa nimemmwagia hoja zangu zote za kupinga. Nilidhani zimeanza kuota.

Kisha nikaona chupa. Zilikuwa tatu, za soda, tupu, zimepangwa nyuma ya mlango wa jikoni. Wakati huo alikuwa amekonda, vipimo vimevurugika zaidi, na dona langu lilikuwa halileti nafuu yoyote. Nikazishika zile chupa kama askari aliyepata kidhibiti.

"Mwalimu, unakula nini nikiondoka?"

Alikuwa akilowesha mchanga wa chungu chake. Hakugeuka.

"Ninakula ninachokula."

"Mimi nahangaika na unga kila wiki, halafu wewe unakunywa soda kwa siri? Wewe uliyekuwa unakagua sahani zetu?"

Maneno hayo niliyasema. Niliyasema kwa sauti, na Mama Neema aliyekuwa upande wa pili wa ukuta akaacha kukatakata mboga. Mwalimu aliweka kata chini, akakausha mikono kwa kanga, akaniambia Jumamosi ijayo nisilete kabichi, bado ipo. Basi.

Wiki mbili baadaye nilisahau chaja ya simu kwake. Nikaifuata kesho yake asubuhi, Jumapili, wakati kengele za kanisa zinaita. Hodi haikujibiwa. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, gauni limelowa jasho, macho wazi lakini hayanioni. Beseni lilikuwa karibu yake, na ndani yake dona la jana, maharage ya jana, yakiwa mazima kama tulivyoyaweka mdomoni. Alikuwa akiita majina. Aliita mahudhurio ya darasa fulani la zamani, jina baada ya jina, na katikati aliwakaripia watoto kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwao Mbulu, ambayo shuleni alitukataza kuitumia hata kwa kunong'ona. Bibi yangu alikuwa Mwiraqw, kwa hiyo nilielewa kidogo. Alikuwa akiwaambia wakae, wakae, wakae.

Nilipiga kelele. Mama Neema aliingia akiwa na gauni la kanisani, akamtazama mara moja tu, akafungua soda iliyokuwa chini ya meza.

"Mshike kichwa! Mdogo mdogo, asipaliwe."

"Soda? Ana sukari, Mama Neema!"

"Imeshuka, wewe! Kila Jumapili inashuka. Shika kichwa!"

Alikunywa kidogo. Akili ilirudi nusu. Tulimpakia kwenye bajaji, Mama Neema amempakata kama mtoto, mimi nimekaa na dereva nikimwambia aende haraka na aende polepole.

Daktari wa zamu alikuwa rika langu. Alimwekea dripu ya sukari, akasubiri Mwalimu aanze kuzungumza sawasawa, ndipo akauliza alikula nini jana na saa ngapi. Niliposema, akaniuliza kama amekuwa akitapika chakula cha siku iliyopita. Kisha akatueleza, bila haraka. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu. Ile ya miguuni watu wanaijua kwa sababu ya ganzi. Lakini upo pia mshipa unaoliamuru tumbo lisukume chakula kwenda mbele, nao unaweza kufa ganzi vilevile. Chakula kinaingia, kinakaa. Kinaweza kulala humo hadi kesho. Sindano haijui hilo, inafanya kazi kwa saa yake, inaishusha sukari wakati chakula hakijafika popote. Kikija kushuka, sindano imekwisha nguvu, sukari inapanda.

"Kwa hiyo kilikuwa tumboni," nilisema. "Usiku kucha."

"Kilikuwa tumboni. Na nani alimwambia ale dona na maharage?"

"Mimi."

Daktari alisugua macho. "Kwa mgonjwa wa sukari mwenye tumbo zima, ni ushauri mzuri sana," alisema. "Kwa huyu, makapi ndiyo yanakaa zaidi."

Aliomba daftari la vipimo. Mwalimu, kitandani, amefumba macho, akasema limebaki nyumbani. Mimi nililiona jalada la kaki likichungulia kwenye mkoba wake. Nikadhani anaficha vipimo vibaya, na safari hii nilikuwa na adabu ya kutosema. Wakati daktari anaeleza nilimtazama Mwalimu usoni. Alikuwa ametulia, akiitikia kwa kichwa kidogo mwishoni mwa kila sentensi, kama alivyokuwa akifanya darasani mwanafunzi aliposoma somo bila kukosea.

Baada ya hapo maisha yake yakawa ya kisahani. Namaanisha kile cha kuwekea kikombe. Ndicho alichokula nacho, mara sita kwa siku. Uji mwepesi wa unga uliokobolewa na kuchekechwa. Viazi mviringo vilivyopondwa. Perege wa ziwani aliyechemshwa bila mafuta, akatolewa miiba yote. Mchicha aliuacha, machungwa akayakamua na kuyachuja. Saa za sindano zilipangwa upya na kliniki, akapima kabla ya kula na baada ya kula, na akishakula hakulala papo hapo. Alitembea. Kutoka kwake hadi barabara kuu na kurudi, kila baada ya kisahani, hata kwenye baridi ya mwezi wa saba, na watoto wa shule walipopita walimwamkia.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Chomekea shati."

Hakupona. Siku nyingine chakula kilirudi vilevile, na alilala ameegemea mito mitatu. Lakini aliacha kuanguka, na akarudi benchi la tatu upande wa kulia. Katika msiba wa jirani mmoja akina mama walimletea sahani imejaa pilau kama kichuguu. Akaomba kijiko na kisahani. Mmoja wao, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akamtania mbele ya watu: "Mwalimu, sahani tupu ndiyo asante!"

Turubai zima lilimtazama. Najua ilimuuma, kwa sababu alinyoosha mgongo kama alivyofanya alipokuwa anaingia darasani.

"Nilifundisha watoto wenye matumbo mazima," alisema. "Yule ambaye lake lilikataa nilimkalisha hadi jioni. Nilikosea. Nipe kisahani."

Wakampa.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimetoka Dodoma, ambako nilipata kazi. Nilishuka Bonga kusalimia shangazi, kisha nikaenda Nakwa bila mfuko wowote mkononi, na mikono ilinielemea kwa kuwa mitupu. Mwalimu alikuwa mdogo ndani ya sweta lake. Aliniwekea wali na samaki sahani nzima, yeye akakaa na kisahani chake, tukala. Vijiko vitano, akafunika. Akaniambia nisimharakishie, nimalize.

Nilikuwa nimebeba jambo moja tangu hospitali.

"Mwalimu, ule unga wangu ulikuumiza."

"Uliniumiza."

"Nilikuona mwongo, nikakutukana kwa ajili ya chupa za soda. Nisamehe."

"Nilikwisha kusamehe. Sasa niambie, kwa nini niliula?"

Nilifikiri. "Kwa sababu nilikulazimisha."

"Endelea."

"Kwa sababu mgeni haachwi ale peke yake."

"Endelea."

"Kwa sababu hukujua kwamba unakudhuru."

"Endelea."

Nje mtu alipita akiswaga ng'ombe wawili, kengele zao zikalia mpaka zikapotea upande wa ziwa. Nilitafuta jibu la nne, nikalitafuta sana, kwa sababu mimi ni mtu ninayelipwa kwa kutafuta majibu.

"Sijui, Mwalimu."

"Kaa," alisema.

Nilikuwa tayari nimekaa. Alinyanyuka, akachukua fimbo yake ya kutembelea, na tukaenda wote hadi barabarani na kurudi.

Alifariki mwaka uliofuata. Figo zilichoka. Kwenye mazishi tulisimama wanafunzi wa miaka yote, na hakuna aliyethubutu kuchelewa.

Daftari la kaki lilinifikia baada ya miaka mitatu, mwanawe alipokuwa anaikarabati nyumba. Aliniambia kwamba juu ya jalada pameandikwa kwa mkono wa Mwalimu, "Apewe Kwa Nini," akauliza kama namjua mtu huyo. Ndani kuna safu ya vipimo na safu ya chakula. Katika ile miezi ya dona, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa pameandikwa uji, viazi, uji, samaki. Jumamosi pameandikwa, "Dona. Mgeni." Jumapili, "Kutapika. Soda."

Nyuma, kwenye mfuko wa jalada, ipo karatasi iliyokunjwa mara nne, kutoka kwa daktari wa Moshi. Inaeleza kwamba tumbo lake limepoteza nguvu ya kusukuma chakula kwa sababu ya sukari ya muda mrefu, kwamba ale kidogokidogo, vyakula laini, na asile dona wala maharage. Tarehe yake ni siku nne kabla ya siku aliyoniuliza ugali ulikuwa wapi usiku kucha.